Kumalizana na mwajiri, Mfuko wa Fidia au bima binafsi: ulinganisho kwa aliyeumia kazini Arusha na Moshi

Mfanyakazi anapoumia kazini, uamuzi mkubwa kuhusu maisha yake hufanyika katika siku chache za kwanza, wakati bado amelala na dawa za maumivu hazijaisha mwilini, na aghalabu wanaoufanya ni watu wengine: msimamizi wake, shemeji aliyempeleka hospitali, au mke anayewaza kodi ya chumba ya mwezi ujao. Nimekuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa Arusha kwa miaka mingi, na ninaandika ulinganisho huu kwa sababu nimewaona watu wengi wakichagua njia ya kwanza waliyoonyeshwa bila kujua kwamba zipo nyingine.

Njia zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni kumalizana na mwajiri moja kwa moja, kwa fedha taslimu na karatasi ya kutia saini. Ya pili ni kudai kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi wanauita WCF. Ya tatu ni bima ya ajali, iwe ya mtu binafsi au ya kundi, inayonunuliwa kwa kampuni ya bima. Pembeni yake kuna mambo mengine mawili, NSSF na bima ya afya, ambayo watu huyachanganya na fidia ingawa yana kazi tofauti. Nitayagusa kwa kifupi mahali pake.

Kumalizana

Nianze na njia inayotumika zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoumiza zaidi.

Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye chumba cha kufungashia maua, upande wa Usa River, alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukatia mashina. Mshahara wake ulikuwa Sh 300,000 kwa mwezi. Siku ya nne, akiwa bado na bandeji hadi kwenye kiwiko, aliletewa bahasha yenye Sh 500,000 na karatasi ya mistari mitatu iliyosema kwamba amepokea fidia yake yote na hana madai mengine. Alitia saini kwa mkono wa kushoto. Karatasi hiyo nimeiona: herufi za jina lake zimepinda na kupanda juu ya mstari, kama za mtoto anayejifunza kuandika.

Sitaki kusema kwamba kila mwajiri anayetoa bahasha ana nia mbaya. Wapo wanaotoa kwa huruma ya kweli, na fedha hizo zinafika siku ambayo familia haina unga. Ubora wa kumalizana uko hapo tu: ni haraka, hakuhitaji fomu, na hakumpeleki mgonjwa kuzunguka ofisi. Kwa jeraha dogo, la kushonwa nyuzi mbili na kurudi kazini kesho yake, pengine hakuna zaidi ya hapo kinachohitajika, mradi gharama za hospitali zimelipwa na tukio limeandikwa kwenye kitabu cha ajali.

Kwa jeraha kubwa hali ni tofauti kabisa. Bahasha hupima maumivu ya siku ile, wakati hasara halisi ya mwili haijajulikana. Kidole kilichokatika kinaonekana leo, lakini mshipa uliokaza, mkono usioweza kufumba, au mgongo unaogoma baada ya dakika ishirini za kusimama, hayo hujulikana baada ya miezi, kidonda kikishapona na daktari akishasema kwamba hali haitabadilika tena. Anayekubali kiasi siku ya nne anauza kitu ambacho hakuna aliyekipima bado, si yeye wala mnunuzi.

Ulinganisho wa hesabu peke yake unatosha kufungua macho. Kijana yule alikaa miezi mitano bila kuweza kufanya kazi. Chini ya Mfuko, malipo ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato, na kwa mshahara wa Sh 300,000 hiyo ni Sh 210,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitano inafika Sh 1,050,000, na hapo hatujagusa matibabu wala ulemavu wa kudumu wa vidole ambavyo havitarudi. Bahasha ya Sh 500,000 ilikuwa chini ya nusu ya sehemu moja tu ya haki yake.

Kuhusu ile karatasi ya mistari mitatu, niseme wazi: Fidia hii ni haki iliyowekwa na Sheria, na karatasi ya kumalizana haiifuti. Aliyetia saini asikate tamaa wala asione aibu. Aende akaripoti, na aieleze karatasi hiyo bila kuificha. Kinachomwangusha zaidi ni muda uliopita huku akiamini kwamba mlango umefungwa.

Kuna namna nyingine ya kumalizana ambayo haina hata bahasha. Mgonjwa anafikishwa hospitali, na mtu aliyetumwa naye anamwambia wa mapokezi kwamba "ameanguka nyumbani," ili kadi ya bima ya afya ikubali na mambo yaende haraka. Maneno hayo mawili yanaandikwa kwenye faili, na faili la hospitali ndilo ushahidi wa kwanza utakaosomwa baadaye. Nimeona madai yakikwama kwa miezi kwa sababu ya sentensi iliyosemwa mapokezi saa mbili usiku. Ukimpeleka mtu aliyeumia kazini, iwe Mount Meru, KCMC au kwenye zahanati ya kijijini, sema kwamba ameumia kazini, taja kazi aliyokuwa akiifanya, na hakikisha imeandikwa.

Mfuko wa Fidia

Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya kahawa na mkonge wanakumbuka sheria ya zamani, ambayo kiwango chake cha juu cha fidia kilibaki Sh 108,000 hata fedha ilipokuwa imeshuka thamani mara nyingi. Kwa mtu aliyepoteza mguu, kiasi hicho kilikuwa hakitoshi hata gongo zuri la kutembelea. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko, na Mfuko wenyewe ulianza shughuli zake Julai 2015. Ninataja historia hii kwa sababu bado kuna watu wanaodharau fidia ya serikali kwa kumbukumbu ya wakati ule, wakisema "watakupa nini," na kwa dharau hiyo wanachukua bahasha.

Mfuko unachangiwa na mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya jumla ya mishahara, baadaye ikashushwa hadi asilimia 0.6 na kisha 0.5, kiwango kile kile cha sekta ya umma. Mfanyakazi hachangii hata senti, na mwajiri haruhusiwi kumkata. Ukiona kwenye hati yako ya mshahara makato yaliyoandikwa WCF, hilo ni kosa, na unayo haki ya kuuliza. Hapa ndipo tofauti na NSSF inapoonekana: huko mchango ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi anaweza kubeba hadi nusu yake, kwa sababu NSSF ni akiba ya uzee na majanga ya maisha kwa ujumla, na ina pensheni ya ulemavu yenye masharti yake ya michango. Fidia ya kazini haiulizi umechangia miezi mingapi. Aliyeajiriwa Jumatatu akaumia Jumanne anahusika sawa na aliyekaa miaka ishirini.

Mafao yake si fedha ya ulemavu pekee, na hili ndilo jambo ambalo bahasha haiwezi kulilinganisha hata ikiwa nene. Kwanza kuna huduma ya matibabu, ambayo inaweza kuendelea hadi miaka miwili na kuongezwa pale ambapo matibabu zaidi yatapunguza ulemavu. Kisha kuna malipo ya ulemavu wa muda niliyoyaeleza, ambayo yana ukomo wa miezi 24. Ulemavu ukishathibitika kuwa wa kudumu, daktari huupima kwa asilimia: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Mtu asiyeweza tena kuoga, kula au kugeuka kitandani bila msaada ana posho ya anayemhudumia. Kuna huduma za utengamao, yaani viungo bandia, mazoezi na mafunzo ya kazi nyingine ili aliyeumia arudi kwenye kipato. Kwa aliyefariki, kuna msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Nikae kidogo kwenye pensheni, kwa maana ndiko uzito ulipo. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh 300,000 aliyepata ulemavu wa asilimia 100 analipwa msingi ule ule wa asilimia 70, yaani Sh 210,000 kila mwezi, sawa na Sh 2,520,000 kwa mwaka. Aliyepimwa asilimia 45 anapata sehemu yake ya kiasi hicho, karibu Sh 94,500 kwa mwezi, ingawa ipo mipaka ya chini na ya juu ambayo huweza kubadili hesabu hii kidogo. Kwa mtu mwenye umri wa miaka ishirini na minane, fedha hiyo inayofika kila mwezi ni kitu ambacho hakuna mwajiri wa hapa mjini niliyewahi kumwona akikitoa mezani kwa hiari yake. Milioni tatu za mkononi zinaonekana nyingi siku ya kwanza. Baada ya kulipa madeni, kumsomesha mdogo wako na kununua pikipiki ambayo huwezi kuiendesha vizuri kwa mkono mmoja, mwaka unaisha nazo zimeisha.

Magonjwa yanayotokana na kazi yamo pia. Jambo hili halisemwi vya kutosha katika mkoa wenye mashamba ya maua yanayonyunyiziwa dawa kila wiki, na katika ukanda wa Mererani ambako vumbi la miamba huingia kwenye mapafu ya wanaapolo, yaani wachimbaji wa madini, kwa miaka kabla kifua hakijaanza kubana. Ajali ina saa yake na mashahidi wake, lakini ugonjwa unahitaji historia: ulifanya kazi wapi, kwa miaka mingapi, ukishika nini, ukivaa nini. Anayekohoa kwa muda mrefu amwambie daktari kazi yake kabla hajamwambia dalili zake.

Udhaifu wa njia hii nao usifichwe. Inahitaji nyaraka: taarifa ya ajali, ripoti ya daktari, hati za mshahara, kitambulisho, na kwa wategemezi vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, ambavyo familia nyingi za vijijini hazina. Inahitaji ushirikiano wa mwajiri, ambaye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba tangu apate habari za ajali, na wengine huchelewa kwa makusudi au kwa kutojua. Kipimo cha asilimia kinaweza kutoka chini ya ulivyotarajia, kwa sababu kinapima kiungo, na hakijui kwamba wewe ni fundi cherehani na kidole gumba ndicho kilichokulisha. Asiyeridhika na uamuzi anaruhusiwa kuomba upitiwe upya, kwa maandishi, akiambatisha maoni ya daktari.

Zaidi ya yote kuna muda. Madai yanatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Miezi hiyo inapita upesi kuliko unavyodhani mtu akiwa anasubiri ahadi za "tutakushughulikia."

Je, mwajiri asiyejisajili anamfungia mfanyakazi wake mlango? Hapana. Kujisajili ni wajibu wa mwajiri, na kosa lake ni lake. Mfanyakazi aende kwenye ofisi ya Mfuko au ofisi ya kazi ya mkoa akaripoti, na kama mazingira ya ajali yalikuwa ya hatari, OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana kazi ya kukagua, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003.

Likizo ya ugonjwa inavyoingia

Watu wa rasilimali watu huniuliza mara kwa mara kama aliyeumia ahesabiwe kwenye likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo hiyo katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kwa siku 63 za mwanzo, mshahara kamili unazidi asilimia 70 ya Mfuko. Baada ya hapo Mfuko unazidi nusu mshahara, na unakwenda mbali zaidi, hadi miezi 24. Hata hivyo Sheria hiyo hiyo inasema mwajiri halazimiki kulipa likizo ya ugonjwa pale mfanyakazi anapolipwa kwa sheria au mfuko mwingine, kwa hiyo mtu asipange bajeti yake kwa kuhesabu malipo yote mawili. Kilicho muhimu ni kwamba kulipwa likizo ya ugonjwa kusigeuzwe kuwa sababu ya kutoripoti ajali. Nimewaona waajiri wazuri kabisa wakilipa mshahara kamili miezi miwili, kisha mwezi wa tatu wanasema siku zimekwisha, na hapo hakuna taarifa yoyote iliyopelekwa popote.

Kuachishwa kazi kwa sababu ya jeraha nako kuna kanuni zake. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri atafute kwanza kazi mbadala au marekebisho ya kazi, na uzito wa wajibu huo ni mkubwa zaidi pale jeraha lilipotokana na kazi yake. Aliyeachishwa anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Dai la kuachishwa na dai la fidia ni mambo mawili, yanakwenda ofisi mbili, na moja halisubiri jingine.

Bima binafsi

Bima ya ajali ni mkataba wa biashara. Unalipa ada, na mkataba unaandika kiasi: kiasi fulani kwa kifo, kiasi fulani kwa kupoteza jicho, kiasi fulani kwa kila wiki ya kutofanya kazi. Sifa yake ya kwanza ni kwamba haiulizi kama wewe ni mwajiriwa. Dereva wa bodaboda wa mtaa wa Unga Limited, fundi seremala mwenye kibanda chake, mama lishe anayebeba sufuria za moto, hawa hawana mwajiri wa kuchangia popote, na kwao bima ya kundi kupitia chama au kikoba chao ndiyo kinga iliyo karibu. Sifa ya pili ni kwamba mikataba mingi inamlinda mtu saa 24, nyumbani na barabarani, wakati Mfuko unaangalia kazi peke yake. Aliyegongwa Jumapili akitoka kanisani Moshi mjini, Mfuko haumhusu.

Ila bima ina lugha ya vipengele, na vipengele ndivyo vinavyoua madai. Kwa watu wa mlima nasisitiza jambo moja: mikataba mingi ya ajali huondoa upandaji wa milima, au huweka ukomo wa kimo. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Mpagazi au muongoza watalii anayelipa ada mwaka mzima kwa mkataba unaoishia chini ya kimo anachofanyia kazi amelipia karatasi. Kabla ya kutoa fedha, muulize wakala swali hilo, akujibu kwa maandishi, na uangalie kama kampuni yake ina leseni ya TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima.

Tofauti kubwa nyingine ni ukomo. Bima hulipa kiasi kilichoandikwa na inaishia hapo. Haina pensheni inayoendelea miaka yote, na matibabu yake yana kikomo cha fedha. Kwa hiyo kwa mwajiriwa, bima ni nyongeza juu ya Mfuko. Mwajiri anayesema "sisi tuna bima yetu, hatuhitaji WCF" anakosea kisheria, kwa kuwa kujisajili na Mfuko ni lazima kwa waajiri wote wa Tanzania Bara.

Nani achague nini

Kwa mwajiriwa mwenye mkataba na mshahara unaopita benki, jibu langu halina mzunguko: Mfuko kwanza, siku hiyo hiyo. Akipewa bahasha, aipokee kama msaada ikiwa anauhitaji, na asaini karatasi inayosema hivyo: nimepokea kiasi fulani kama msaada wa matibabu. Asisaini neno "yote."

Dereva wa magari ya utalii ana hali yake. Akipata ajali njia ya Karatu au Namanga akiwa na wageni, hiyo ni ajali ya kazini na inakwenda Mfuko. Na kama gari jingine ndilo lililokosea, bima ya lazima ya gari hilo ni suala jingine linalohitaji mwanasheria. Wale wanaochukuliwa asubuhi na basi la kampuni, safari hiyo nayo inahesabiwa, kwa sababu usafiri umetolewa na mwajiri. Aliyejipandia bodaboda kwa nauli yake kwenda kazini atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha.

Kwa wapagazi, wanaojiita wagumu, tatizo liko kwenye neno "mwajiriwa." Wengi huchukuliwa getini Machame au Marangu kwa safari moja, jina likaandikwa kwenye daftari, na safari ikiisha uhusiano nao unaisha. Wengine huambiwa kwamba wao ni vibarua na fidia haiwahusu. Sheria haiangalii karatasi tu. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka dhana ya ajira pale ambapo mtu anafanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, au anapewa vifaa naye, au anamtegemea kwa kipato, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Moja ya hayo likithibitika, ni mwajiri anayetakiwa kuonyesha kwamba huyo si mwajiriwa wake. Mgumu aliyebeba kilo 20, uzito wa juu unaoruhusiwa, akapangiwa kambi ya kulala na saa ya kuondoka na kiongozi wa safari, ana hoja. Aweke ushahidi: picha ya orodha ya safari, ujumbe wa simu uliomwita, majina ya wenzake watatu. Na juu ya hoja hiyo, kundi lake litafute bima inayofika kileleni, kwa sababu hoja inachukua muda na mguu uliovunjika kambi ya Barafu unahitaji fedha wiki hiyo.

Wanaapolo ni kundi gumu zaidi, na sitawadanganya. Wengi hawalipwi mshahara. Wanalishwa, wanapewa vifaa, na wanagawana kinachopatikana. Mwenye mgodi atasema ni wabia. Dhana ya ajira inaweza kuwasaidia, kwa kuwa usimamizi na vifaa ni vya mwenye mgodi, lakini kipato cha kukokotolea asilimia 70 ni kipi kwa mtu ambaye hajapata mgao kwa mwaka? Kwao ningeanza na maandishi, hata ukurasa mmoja unaotaja posho ya kila mwezi, kabla ya kushuka shimoni. Kidogo kilichoandikwa kinapimika.

Kwenye ujenzi, pale Njiro au Moshi, saidia fundi huajiriwa na fundi ambaye ameajiriwa na mkandarasi mdogo ambaye amepewa kazi na mkandarasi mkuu. Akianguka jukwaani, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Kwenye taarifa, wataje wote waliomo kwenye mnyororo huo, hasa mkandarasi mkuu, ambaye jina lake liko kwenye kibao cha mradi getini. Piga picha kibao hicho siku ile ile. Nimewahi kukuta kimeng'olewa wiki iliyofuata.

Wajane huja kwangu wakiwa wamechelewa zaidi kuliko wote, kwa sababu msiba una shughuli zake na ndugu wa marehemu wana maoni yao. Rambirambi ya kampuni, jeneza na gari la kusafirisha mwili hadi Rombo si fidia. Mke, mume na watoto wana haki yao kwa Mfuko kama wategemezi, na haki hiyo haipiti kwenye kikao cha ukoo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vianze kufuatiliwa mapema, wakati miezi 12 bado ni mingi.

Yule kijana wa vidole viwili alinifikia mwezi wa kumi. Alikuwa ameshaambiwa kwamba msimu umeisha na kazi hakuna, na faili lake hospitali lilisema ameteleza nyumbani. Wenzake wawili wa zamu waliandika walichokiona, wakataja mashine na saa. Daktari aliyemfanyia upasuaji alikumbuka rangi ya kijani iliyokuwa kwenye kidonda, utomvu wa mashina ya waridi, na akaliandika hilo katika ripoti yake. Dai liliingia wiki tatu kabla ya mwaka kutimia. Asilimia yake haikufika 30, hivyo alilipwa kwa mkupuo, na malipo ya miezi mitano ya ulemavu wa muda yalihesabiwa humo. Siku ya kutia saini fomu za mwisho aliomba kalamu, akaishika kwa mkono wa kulia kati ya kidole gumba na cha pete, akaandika jina lake polepole, juu ya mstari, bila kupinda.